Mwanasheria Bila Bunge: Maisha ya Benedicto Kiwanuka na Mwaka 1972 Yakitazamwa Kutoka Ufukwe wa Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya Benedicto Kiwanuka (1922–1972), mwanasheria wa Uganda aliyekaa katika chombo cha kutunga sheria cha nchi yake kwa takriban mwaka mmoja tu, akawa baadaye Jaji Mkuu, na akauawa Septemba 1972. Maisha hayo yanatazamwa kutoka Rumonge, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ambako mwaka huohuo wa 1972 uliacha msiba usiosahaulika. Hoja kuu ni kwamba katika mwaka huo Burundi na Uganda zote mbili hazikuwa na bunge, na kwa hiyo mahakama ndiyo iliyobaki kuwa mlango wa mwisho wa raia aliyekamatwa. Makala yanaonesha kuwa umuhimu wa Kiwanuka haumo katika kushinda, kwani hakushinda, bali katika kuacha amri iliyoandikwa. Yanahitimisha kwa kueleza jinsi ukosefu wa maandishi ya aina hiyo ulivyowaelemea watu wa ufukwe wa Rumonge kwa miongo iliyofuata.

1.0 Utangulizi

Rumonge ni mji wa michikichi na ndagala, yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Kirundi husikika pamoja na Kiswahili sokoni, mwaloni na misikitini, na mitumbwi yake imekuwa ikivuka kwenda Kigoma na ng'ambo ya Kongo tangu kabla ya kuwepo kwa mipaka ya leo. Katika mji huu mwaka 1972 hautajwi kama mwaka wa kawaida. Ni mpaka wa wakati: kuna mambo ya kabla yake na mambo ya baada yake.

Historia ya mwaka huo imezoea kuandikwa kwa kufuata mipaka ya dola. Msiba wa Burundi una vitabu vyake, na utawala wa Idi Amin una vyake. Ni nadra kuwekwa pamoja, ingawa matukio yenyewe yalipishana kwa miezi michache tu katika ukanda uleule wa Maziwa Makuu. Makala haya yanayaweka pamoja kupitia maisha ya mtu mmoja. Benedicto Kiwanuka hakuwa Mrundi, wala hakuhusika na siasa za Burundi. Hata hivyo, maisha yake yanajibu swali ambalo watu wa Rumonge wamelibeba kwa zaidi ya nusu karne: sheria inaweza kumfanyia nini mtu aliyechukuliwa na askari, katika nchi ambayo wawakilishi wa wananchi wamekwisha kuondolewa?

2.0 Msafara mmoja, njia mbili

Uhusiano wa Rumonge na mazingira yaliyomlea Kiwanuka ni wa zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Ulipofika Tabora uligawanyika. Kundi moja lilielekea Ziwa Nyanza na kuingia Buganda Februari 1879. Kundi la pili lilielekea Ujiji, na katikati ya mwaka huohuo likaanzisha kituo Rumonge.

Njia hizo mbili hazikuwa na mwisho mmoja. Kituo cha Rumonge hakikudumu miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881 padri Deniaud, padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa hapo katika ugomvi na wenyeji, na kituo kikaachwa. Huko Buganda, licha ya mateso na vita vya dini, kazi ya wamisionari iliota mizizi, hasa Buddu, eneo la Masaka. Kufikia mwaka 1939 Masaka ilikuwa na askofu wake Mwafrika, Joseph Kiwanuka. Katika jamii hiyo ya Wakatoliki wenye shule, wanaothamini kusoma na kuandika lakini wanaonyimwa nafasi kubwa katika utawala wa Buganda uliotawaliwa na Waprotestanti, ndipo Benedicto Kiwanuka alipozaliwa Mei 1922. Alisoma Villa Maria, kisha Mtakatifu Petro, Nsambya.

Nukta hii ni muhimu kwa sababu inaeleza chanzo cha siasa zake. Mkatoliki wa Buganda wa kizazi chake alijua tangu utotoni kwamba cheo kinaweza kugawiwa kwa dini na ukoo, na kwamba anayenyimwa hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye kanuni inayowahusu wote sawa.

3.0 Kutoka jeshini hadi uwakili

Mwaka 1942 Kiwanuka alijiunga na jeshi la Waingereza, akahudumu hadi Mashariki ya Kati, na akafikia cheo cha sajini meja kabla ya kurudi mwaka 1946. Katika majeshi hayo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha askari wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Baada ya vita alifanya kazi mahakamani kama karani na mkalimani. Kazi hiyo ilimweka mahali ambapo sheria ya mkoloni ilikutana na raia asiyejua lugha yake, na ambapo uhuru wa mtu uliweza kutegemea neno moja lililofasiriwa vizuri au vibaya.

Alianza safari ndefu ya masomo akiwa mtu mzima. Alikwenda kwanza Chuo cha Pius wa Kumi na Mbili huko Roma, Basutoland, ili kupata sifa za kuingia chuo kikuu. Kisha London, alikosomea sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1956. Aliporejea Kampala alifungua ofisi ya uwakili. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, DP, akimrithi Matayo Mugwanya. Alikuwa na umri wa miaka 36. Chama hicho kilianzishwa kama sauti ya Wakatoliki waliohisi kutengwa. Kiwanuka alijitahidi kukigeuza kuwa chama cha nchi nzima chenye kudai uhuru chini ya serikali moja.

4.0 Mwaka mmoja katika chombo cha kutunga sheria

Uchaguzi wa Machi 1961 ulikuwa wa kwanza kufanyika Uganda nzima kwa kura ya moja kwa moja. Serikali ya Kabaka iliwataka Waganda waususe, na wengi walitii. Wachache waliojitokeza walikipa DP viti 20 kati ya 21 vya Buganda, na kwa viti hivyo chama kikapata wingi dhidi ya Uganda People's Congress, UPC, ya Milton Obote, ingawa UPC ilipata kura nyingi zaidi kwa hesabu ya nchi nzima. Kiwanuka akaingia Baraza la Kutunga Sheria, Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Udhaifu wa serikali hiyo haufai kufichwa. Ilisimama juu ya msuso. Wapinzani wake walisema, na walikuwa na msingi, kwamba Waziri Mkuu aliyetoka Buganda hakuwa na Buganda nyuma yake. Katika mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1961 ilikubaliwa kwamba wabunge wa Buganda waweze kuchaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la Kabaka, badala ya wananchi wenyewe. Kiwanuka alipinga, akishindwa. Februari 1962 chama cha Kabaka Yekka kilitwaa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko vilivyogombewa, na kwa hiyo njia ya Kiwanuka kurudi bungeni ikafungwa. Uchaguzi wa kitaifa wa Aprili 1962 uliupa ushindi muungano wa UPC na Kabaka Yekka. Kiwanuka alikabidhi madaraka kwa Obote bila vurugu. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, kiongozi wa upinzani hakuwa hata na kiti bungeni.

Burundi ilipitia majira hayohayo kwa njia ya damu. Uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 ulikipa chama cha UPRONA viti 58 kati ya 64. Kiongozi wake, Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Waswahili wa Usumbura, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 mjini humo, wiki chache tu baada ya kuwa Waziri Mkuu. Bunge lililochaguliwa Mei 1965 halikudumu pia. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba mwaka huo, wawakilishi kadhaa waliuawa mwishoni mwa mwaka, wakiwemo Émile Bucumi, Spika wa Bunge, na Joseph Bamina, Rais wa Seneti. Mwaka uliofuata Bunge likaondolewa kabisa, na Burundi haikuchagua jingine hadi mwaka 1982.

Ulinganisho huu unaonesha kwamba kushindwa kwa Kiwanuka kulikuwa kwa kawaida, katika maana nzuri ya neno hilo. Aliondolewa kwa kura na kwa hila za kikatiba, akaenda nyumbani akiwa hai. Mwaka 1962 jambo hilo lilionekana dogo. Miaka mitatu baadaye, maspika walipokuwa wakipigwa risasi upande wa pili wa eneo hilohilo, lilikwisha kuwa jambo adimu.

5.0 Nje ya Bunge, 1962–1971

Kwa miaka tisa Kiwanuka aliongoza chama akiwa nje ya Bunge. Desemba 1964 Basil Bataringaya, aliyekuwa kiongozi wa wabunge wa DP, alihamia UPC pamoja na wenzake kadhaa. Mwaka 1966 Obote alimpindua Kabaka. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme. Kiwanuka alirudi kwenye silaha aliyoijua, yaani sheria, kama wakili na kama mkosoaji wa matumizi ya sheria za kizuizini. Mwaka 1969 yeye mwenyewe alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Desemba mwaka huo vyama vya upinzani vilipigwa marufuku.

Alitoka gerezani Januari 1971, siku chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali, miongoni mwa wafungwa wa kisiasa walioachiwa huru kwa shangwe. Februari mwaka huo Amin alilivunja Bunge. Uganda haikufanya uchaguzi mwingine wa wabunge hadi Desemba 1980.

Hapa ndipo swali gumu kuliko yote katika maisha yake linapojitokeza. Juni 1971 Kiwanuka alikubali kuteuliwa na Amin kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika wadhifa huo. Mtu aliyekabidhi madaraka kwa sababu ya kura alikula kiapo mbele ya serikali isiyotokana na kura yoyote. Baadhi wameliona jambo hili kuwa doa. Maelezo yaliyo karibu zaidi na mwenendo wake ni kwamba aliiona mahakama kama sehemu pekee ya dola ambayo ilikuwa bado haijabomolewa, na kwamba kuiacha tupu kulikuwa sawa na kuikabidhi. Hata hivyo, maelezo hayo hayafuti ukweli kwamba jina lake liliupa utawala huo heshima ambayo haukustahili, hasa katika miezi yake ya mwanzo.

6.0 Septemba 1972

Mwaka 1972 ulimwondolea nafasi ya kusitasita. Agosti Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Mapema Septemba mahakama iliombwa iingilie kati suala la Daniel Stewart, mfanyabiashara Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi. Ombi lilihusu amri ya kale ya sheria ya Kiingereza inayomlazimu anayemzuilia mtu amlete mwili wake mbele ya jaji na kueleza ni kwa mamlaka gani anamshikilia. Kiwanuka aliamua kwamba kuzuiliwa huko hakukuwa halali, na akaamuru Stewart aachiwe huru.

Aliyenufaika alikuwa mgeni, raia wa dola iliyokuwa mkoloni, na wakati huo kumtetea mtu wa namna hiyo hakukumletea jaji sifa yoyote mtaani. Lakini hapo ndipo maana ya amri ile ilipo. Amri hiyo haiulizi aliyezuiliwa ni nani, ametoka wapi au ni wa chama gani. Inamuuliza aliyemzuilia.

Tarehe 17 Septemba wapiganaji wa Obote walivamia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa. Siku nne baadaye, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu ya Kampala mchana, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake na kuondoka naye kwa gari. Hakurudi. Mwili wake haukupatikana, na hadi leo hana kaburi. Bataringaya, aliyewahi kuwa mwenzake na kisha mpinzani wake, aliuawa pia mwezi huohuo.

Mwaka 1974 Amin mwenyewe, akishinikizwa kutoka nje na ndani, aliunda tume chini ya Jaji Mohammed Saied kuchunguza watu waliotoweka tangu Januari 1971. Tume hiyo ilisikiliza zaidi ya kesi 300. Mapendekezo yake hayakutekelezwa, lakini ushahidi uliandikwa. Hata mahakama iliyovamiwa ilikuwa bado na mazoea ya kuandika.

7.0 Rumonge: msiba usio na faili

Miezi mitano kabla ya siku ile ya Kampala, tarehe 29 Aprili 1972, waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo mengine ya kusini mwa Burundi. Waliua mamia ya Watutsi, na pia Wahutu waliokataa kujiunga nao. Siku hiyohiyo Rais Michel Micombero alikuwa ameivunja serikali yake. Kisasi cha dola kilichofuata kilienea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya watu laki moja na laki mbili, na mengine yanazidi hapo. Wengi walikuwa Wahutu waliosoma au waliokuwa na mali kidogo: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri, wafanyabiashara. Wengi wao walichukuliwa bila kusomewa shitaka mbele ya hakimu. Wengine walivuka ziwa au mpaka kuelekea Tanzania, ambako baadaye waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Tofauti na Kampala haikuwa katika ukatili, bali katika maandishi. Mke wa mtu aliyechukuliwa Rumonge, awe ni mjane wa shambulio la Aprili au wa kisasi cha Mei, hakuwa na mbunge wa kumpelekea barua, wala jaji aliyethubutu kumuuliza askari kwa maandishi: umemweka wapi? Kwa hiyo waliopotea hawakuacha hata amri iliyopuuzwa.

Pengo hilo liligeuka kuwa suala la ardhi. Mashamba ya michikichi ya waliouawa na waliokimbia yaligawiwa wengine. Mwaka 1977 serikali ya Jean-Baptiste Bagaza iliunda tume kuhusu mali za waliorudi. Miradi ya kilimo cha michikichi nayo ilipanga upya mashamba ya Rumonge, hata mipaka ya zamani ikafutika. Sheria iliyotambua haki ya anayelikalia shamba kwa miaka 30 ilimaanisha kwamba, kufikia 2002, mkimbizi wa 1972 angeweza kukuta muda umempita akiwa ng'ambo.

Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitamka kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake au afidiwe. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, na mwaka 2014 mahakama maalumu ya ardhi. Rumonge ikawa moja ya sehemu zenye mashauri mazito zaidi, kwa sababu pande mbili zilikuja na madai ya kweli: mmoja alifukuzwa kwenye shamba la baba yake, mwingine alipewa shamba hilo na serikali na kulilea watoto wake humo kwa miaka 30. Wote wawili waliombwa ushahidi. Mara nyingi ushahidi wa mmoja ulikuwa kumbukumbu ya wazee na mti uliopandwa mpakani; ushahidi wa mwingine ulikuwa cheti cha serikali ileile iliyomfukuza mwenzake.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imefukua makaburi ya pamoja katika sehemu mbalimbali za nchi. Kazi ya kuhesabu mifupa ni kazi ya kutafuta, baada ya miaka 50, jibu ambalo amri ya mahakama ingelidai siku ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Kiwanuka yanaweza kusomwa kama mfululizo wa kushindwa: alipoteza Bunge baada ya mwaka mmoja, alipoteza wenzake chamani, na alipoteza uhai kwa sababu ya kazi yake. Usomaji huo una ukweli, lakini unapima mambo kwa kipimo cha ushindi pekee. Tangu mwaka 2018 idara ya mahakama ya Uganda imekuwa ikiandaa mhadhara wa kumbukumbu yake, naye akiwa mtu asiye na kaburi. Kinachowawezesha mawakili vijana kumjadili ni kwamba siku moja ya Septemba 1972 alitia saini amri, na amri hiyo ina jina la aliyezuiliwa, jina la aliyeamuru, na tarehe.

Kwa Rumonge, somo si kwamba jaji mmoja shujaa angeliuzuia msiba wa 1972. Hakuuzuia wa Uganda. Somo ni kwamba bunge linapofungwa, kila faili dogo la mahakama ya chini huwa na uzito usioonekana wakati huo: rejesta ya waliokamatwa, ramani ya shamba, cheti cha kifo. Wajukuu wa pande zote mbili za msiba wa ufukwe huu wanaendelea kuhitaji karatasi hizo, na wengi wao wameingia mahakamani bila hata moja. Tafiti zijazo kuhusu historia ya sheria katika ukanda wa Ziwa Tanganyika zinapaswa kuanzia hapo: kukusanya, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ushahidi wa wazee ambao bado wanakumbuka mti uliokuwa mpakani, kabla wao pia hawajaondoka.